Shahada ya Jioni: Tupige Hesabu Kabla ya Kujiandikisha

Ndugu wafanyakazi,

Mtu akitoka kazini jioni katika viwanda vya Nakawa, akielekea barabara ya Jinja kutafuta taksi ya Kireka au Bweyogerere, hukutana na watu wanaokwenda upande wa pili. Nao wametoka kazini. Wamebeba mikoba, na wengine bado wana vitambulisho vya ofisi shingoni. Wanaingia lango la Chuo cha Biashara cha Makerere, pale barabara ya Port Bell. Sisi tunamaliza siku, wao wanaanza siku ya pili.

Zamani tulizoea kusema kwamba hao si wenzetu, ni watu wa ofisi. Leo hatuwezi kusema hivyo tena. Miongoni mwao wamo wanachama wetu: makarani wa stoo, watunza hesabu, mafundi wa maabara, wasimamizi wa zamu. Wamo pia watoto wetu, ambao tuliwasomesha kwa fedha ya chai na ya miwa. Wengi walikwisha kupata digrii ya kwanza, na sasa wanasomea digrii ya pili ya biashara, ile inayoitwa MBA kwa kifupi, huku wakifanya kazi kutwa.

Hivi karibuni mwanachama mmoja, karani wa stoo, alikuja mbele ya kamati yetu ya tawi akiwa na fomu mkononi. Alikuwa na maswali mawili. Je, ajiandikishe? Na je, chama kitamsemea kwa mwajiri ili apate nafasi ya kusoma? Kamati iligawanyika. Mzee mmoja wa idara ya mashine akasema: "Kijana wangu, ukiipata karatasi hiyo utahamia upande ule wa meza, halafu utakuja kutukatia sisi ovataimu." Mama mmoja wa idara ya kufunga bidhaa akamjibu: "Mzee, na huyu asiposoma, nani atatusomea daftari zao?" Kikao kikaisha bila jibu.

Tumelifikiri jambo hili na tunataka kulijibu hapa, kwa sababu tunajua liko katika matawi mengine pia.

Kwanza tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Sisi tunaoandika haya tulimaliza darasa la saba tu. Tulimaliza kabla ya mwaka 1997, wakati serikali ilipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wazazi wetu hawakuwa na karo ya kutupeleka mbele. Waswahili wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi hatutajifanya tunajua yaliyomo katika vitabu hivyo. Lakini kazi yetu kwa miaka mingi imekuwa kuwasikiliza wafanyakazi wanapokuja na shida zao, na waliosomea kitanda hicho wametueleza kunguni wake mmoja mmoja. Tunasema tuliyoyaona.

KWA NINI WATU WANAKIMBILIA KARATASI

Wengine husema vijana wanasoma kwa kutaka sifa. Sifa zipo, lakini sababu kubwa ni tumbo. Kima cha chini cha mshahara katika nchi yetu kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hiyo leo haitoshi hata chakula cha siku moja cha nyumba yenye watoto. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya, lakini Rais hakuutia saini. Basi mfanyakazi akitazama mbele anaona kwamba sheria haitampandishia mshahara. Kinachobaki ni kupanda cheo, na kila tangazo la cheo linadai karatasi. Jana lilidai stashahada, leo linadai digrii, kesho litadai digrii ya pili, na kazi yenyewe ni ile ile.

Kwa hiyo hatumlaumu anayekimbilia karatasi. Tunachouliza ni hiki: je, karatasi hiyo itamfikisha anakotaka kwenda, na nani atailipia?

DIGRII HII NI KITU GANI

Digrii hii ilianza Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1908. Waliitengeneza kwa ajili ya kuwafundisha mameneja. Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha namna yake kwa watu ambao tayari wako kazini, wasiweze kuacha vyeo vyao wakaketi darasani kutwa. Namna hiyo ya kusoma huku unafanya kazi ndiyo imeenea duniani, na ndiyo iliyofika kwetu. Hapa Kampala, Chuo cha Biashara cha Makerere kiliundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na Chuo cha Taifa cha Biashara kilichokuwa hapo Nakawa. Taasisi ya Uongozi, UMI, katika barabara ya Jinja, nayo inafundisha watu walio kazini. Vyuo vikuu vya binafsi vimejiunga pia. Nchi jirani, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha watu walio mbali na darasa.

Masomo yake kwa kawaida huchukua miaka miwili. Kwanza hufundishwa hesabu za fedha, uchumi, masoko, utawala wa watumishi, takwimu, na namna ya kuendesha uzalishaji. Baadaye mtu huchagua tawi lake, kama vile fedha au masoko. Mwishoni huandika tasnifu, yaani utafiti wake mwenyewe chini ya mwalimu mmoja anayemsimamia. Hapo kwenye tasnifu ndipo wengi hukwama. Darasani kuna kengele na wenzako wanaokusukuma. Kwenye tasnifu uko peke yako, usiku, na usingizi.

WENZETU WAWILI

Tutaeleza habari za wanachama wawili. Wote wameturuhusu tuseme, ila tusiwataje.

Wa kwanza ni fundi aliyekuwa na digrii ya kwanza, akifanya kazi katika idara ya matengenezo. Aliona meneja wake ana MBA, akajiandikisha. Alichagua masoko kwa sababu rafiki yake alichagua masoko. Alichukua mkopo wa mshahara. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili mwajiri alimhamishia zamu ya usiku bila notisi ya maana, na yeye hakuwa na barua yoyote iliyoonyesha kwamba mwajiri anajua anasoma. Akakosa vipindi, akarudia mitihani, na tasnifu ikamshinda. Aliitaka kuiandika juu ya mauzo, na yeye kazini hashiki mauzo, anashika spana. Muda wa chuo ukapita. Digrii hakupata, na mkopo ulikatwa hadi shilingi ya mwisho. Watoto wake wawili walitolewa shule waliyokuwa wakisoma, wakapelekwa ya karo ndogo. Alipotusimulia, hakulalamika juu ya masomo. Alisema tu: "Sikuuliza mtu."

Wa pili ni dada mtunza hesabu katika shamba la chai. Yeye alikaa mwaka mzima akiweka akiba kabla ya kuchukua fomu. Alimwandikia mwajiri barua, akapata jibu kwa maandishi. Alichagua fedha, kwa sababu fedha ndiyo kazi yake ya kila siku. Tasnifu yake aliiandika juu ya gharama ya kusafirisha majani mabichi kutoka shambani hadi kiwandani, jambo alilokuwa akilihesabu mezani kwake kila mwezi, na mwajiri alimpa ruhusa. Alimaliza kwa wakati wake.

Baadaye tulikaa kwenye mazungumzo ya mshahara na mwajiri huyo. Walituletea karatasi za hesabu zinazoonyesha hasara, wakasema hakuna nyongeza. Dada yule hakutoa siri yoyote ya ofisi. Karatasi walizileta wenyewe. Yeye alitufundisha kuzisoma, usiku mmoja, kwenye meza ya mkahawa. Alituonyesha kwamba ndani ya hasara ile kulikuwa na ada ya menejimenti, na ada hiyo ililipwa kwa kampuni nyingine ya wenye mali wale wale. Kulikuwa na uchakavu wa mitambo, ambao unaandikwa daftarini lakini si fedha iliyotoka mfukoni mwaka ule. Ukiviweka kando vitu hivyo viwili, shamba lilikuwa na faida. Asubuhi tuliuliza maswali hayo mezani. Hatukupata yote tuliyoomba, lakini nyongeza tulipata. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho letu lilikuwa likipotea ndani ya daftari tusizojua kuzisoma.

Ndugu, tofauti ya wawili hawa si akili. Fundi yule ni mwerevu sana, na mashine zote za idara yake zinamjua. Ila yeye alichagua jina la digrii, na dada alichagua kazi ambayo digrii itaifanya.

HESABU YA SAA

Anayetaka kujiandikisha aanze na saa kabla ya shilingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa juma. Tuseme mtu anaingia kazini saa 2 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, siku sita. Darasa linaanza saa 11 na nusu, linaisha saa 2 na nusu usiku. Kwa msongamano wa barabara ya Jinja, anafika nyumbani karibu saa 4. Anakula, anafungua kitabu hadi saa 6 usiku. Saa 11 alfajiri anaamka tena. Amelala saa tano. Watoto aliwaacha wamelala, na amewakuta wamelala.

Mtu mwenye nguvu anaweza kustahimili hivyo juma moja, hata mwezi. Lakini hii ni miaka miwili. Na aliye karibu na mashine ajue kwamba usingizi ukimshika hapo, haumwonei huruma. Wako wanaotumia siku zao za likizo kufanya mitihani. Likizo ya siku 21 kwa mwaka imewekwa ili mwili upumzike. Ukiitumia yote kwa mitihani miaka miwili, mwili utakudai deni hilo siku nyingine.

Tena mzigo huu haumwangukii mwanafunzi peke yake. Mume akisoma, mke ndiye anayebeba nyumba. Mke akisoma, mara nyingi anabeba nyumba na kitabu pamoja. Kwa hiyo tunasema, mwenye mume au mke asijaze fomu kabla hawajakaa wakakubaliana nani atapika, nani atawapeleka watoto zahanati, nani atakwenda msibani kijijini.

HESABU YA SHILINGI

Chuo hukuonyesha ada ya muhula. Uliza na zile zisizoonyeshwa: kujiandikisha, mitihani, maktaba, kuchapa tasnifu, nauli, kompyuta, na joho la siku ya mahafali. Ukisoma kwa intaneti, uliza bei ya bando. Mwaka 2021 serikali iliweka ushuru wa 12 kwa mia juu yake.

Halafu kuna fedha ambayo watu hawaihesabu, nayo ni ovataimu. Sheria inasema ovataimu ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu. Aliyekuwa akifanya saa 8 za ovataimu kwa juma alikuwa akilipwa kama saa 12. Saa 12 ni robo ya saa 48. Basi anayeacha ovataimu ili asome amejikata robo ya mshahara wake wa msingi, kabla hajalipa hata senti moja chuoni.

Sasa mkopo. Tuseme umekopa shilingi 6,000,000 kwa miaka miwili, na riba ni 20 kwa mia kila mwaka juu ya fedha yote uliyokopa. Utarudisha shilingi 8,400,000, yaani 350,000 kila mwezi. Tuseme umemaliza, ukapandishwa, mshahara ukaongezeka shilingi 150,000. Gawanya. Nyongeza hiyo itarudisha deni baada ya miezi 56, yaani miaka minne na miezi minane. Na hiyo ni kama umepandishwa siku ile ile uliyomaliza. Wachache hupandishwa siku ile ile.

Weka tarakimu zako mwenyewe mahali pa hizi zetu. Ukiona nyongeza haitalipa deni kabla mtoto wako hajafika sekondari, subiri, weka akiba, kisha rudi. Na jambo moja tunaliomba sana. Sheria ya NSSF iliyorekebishwa mwaka 2022 inamruhusu mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka kumi kuchukua sehemu ya akiba yake mapema. Ndugu zetu wa umri huo, msiichukue mkalipie digrii. Ile ni sahani yenu ya uzeeni.

MASWALI YA KUULIZA

La kwanza, je, masomo hayo yana ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu? Usiulize jina la chuo tu, uliza jina la masomo yenyewe. Mwaka 2017 Baraza lilifuta leseni ya Chuo Kikuu cha Busoga, pale Iganga, na waliokuwa wakisoma huko wakahangaika. Mwaka 2023 watu walistuka kusikia kwamba masomo mengi ya vyuo vyetu, hata vile vikubwa, muda wa ithibati yake umepita katika orodha ya Baraza. Nenda ofisini kwao au tazama orodha yao, ndipo ulipe.

La pili, je, ni MBA unayoihitaji? Kwa mtunza hesabu, cheti cha uhasibu cha CPA kinachotolewa na Taasisi ya Wahasibu wa Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, huenda kikamfaa zaidi. Mitihani yake unaweza kuifanya masomo machache machache, kwa kadiri ya mfuko na usingizi wako. Msimamizi wa zamu anayetaka kujua kuongoza watu huenda akatosheka na stashahada ya baada ya digrii, ambayo ni fupi. Mchagua nazi hupata koroma. Anayechagua kwa kutazama ganda la nje tu, ndani atakuta alichokikuta.

La tatu, je, kazi yako inakupa kitu cha kuandikia tasnifu? Kama huna, jua utatafuta habari kwa watu wasiokujua, jioni, ofisi zikiwa zimefungwa.

La nne, kama mwajiri analipa, amekufunga kwa miaka mingapi? Soma mkataba huo kabla ya kutia saini. Uliza ikiwa atakupunguza kazini mwaka wa pili, nani atamaliza ada? Uliza ukipata kazi nyingine, utarudisha kiasi gani? Ulete ofisini kwetu tuusome pamoja. Kusomewa mkataba na chama si aibu, ndiyo faida ya kadi unayolipia.

NA CHAMA KIFANYE NINI

Hapa tunamrudia mzee wetu wa mashine. Hofu yake ina sababu. Tumewaona waliokuwa makatibu wa matawi, wakasoma, na leo ni mameneja wa utumishi. Wengine wanatusalimu, wengine hawatusalimu. Lakini kumnyima mtu elimu ili asituhame ni kumfunga mbuzi kwa kamba ya wivu. Tena atasoma tu, na akisoma peke yake, kwa deni lake, bila msaada wetu, kwa nini atukumbuke?

Wazee wetu walilijua hili. Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Nairobi, alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya alipokwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Kilichompeleka ni vyama vya wafanyakazi, na alirudi kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru lilifungua chuo cha wafanyakazi wa Afrika hapa hapa Kampala, wakaja kusoma wanachama wa nchi nyingi. Chuo kile hakipo tena. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi: mfanyakazi asome akiwa mfanyakazi, na elimu irudi kwa waliomtuma.

Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha mwaka 1974 Mkataba namba 140, juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo unahusu mafunzo ya kazi ya ngazi zote, elimu ya jumla, na elimu ya vyama vya wafanyakazi. Kenya iliuridhia mwaka 1979, na Tanzania mwaka 1983. Uganda haimo. Tusingoje. Linalokosekana katika sheria tunaweza kulidai katika mapatano yetu na waajiri, na Katiba ya mwaka 1995 inatupa haki ya kukaa mezani.

Tunapendekeza kila tawi lidai mambo haya:

1. Mwanachama mwenye barua ya chuo asibadilishiwe zamu katikati ya muhula bila notisi ya mwezi mmoja.

2. Siku za mitihani ziwe na malipo, zisikatwe katika likizo ya mwaka.

3. Kampuni yenye mfuko wa elimu ibandike masharti yake ukutani, kila mtu ayaone. Na nusu ya mfuko huo iwe ya wale ambao hawakufika sekondari. Mkata majani ambaye hajui kusoma karatasi ya mshahara wake ana haki ya darasa sawasawa na karani anayetaka digrii ya pili. Kama mfuko unawaongezea waliokwisha kupata tu, tuukatae.

4. Mkataba wa kumfunga aliyesomeshwa usizidi muda wa masomo yenyewe, nao ufe kama mwajiri ndiye aliyemwondoa kazini.

5. Anayesemewa na chama akasoma, arudishe. Mara moja kwa mwezi akae na wenzake, awafundishe kusoma karatasi ya mshahara, kuangalia kama 5 kwa mia yetu na 10 kwa mia ya mwajiri zinafika NSSF, na kusoma hesabu za kampuni kabla ya mazungumzo.

Sasa jibu letu kwa karani wa stoo. Ndugu, chama kitakusemea. Lakini usijaze fomu juma hili. Nenda nyumbani, kaa na mke wako, andikeni saa zenu na shilingi zenu. Nenda Barazani ukahakikishe masomo hayo. Mwandikie mwajiri, nasi tutaweka barua yetu juu ya yako. Kama hesabu inakubali, jiandikishe katika fani ya ugavi na uendeshaji, maana wewe unajua stoo kuliko wanaotoka vyuoni bila kuona ghala. Kama haikubali, ngoja mwaka mmoja. Chuo hakihami Nakawa.

Na siku utakapovaa joho, mzee wa mashine atakuwepo pale. Tumekwisha kumwuliza, amekubali, kwa sharti moja: Jumamosi ya kwanza baada ya mahafali uje tawini na kalamu, uanze kufundisha, na yeye atakaa mstari wa mbele.

Tunayaomba matawi ya viwanda na ya mashamba yajadili mapendekezo haya katika mikutano yao, na makatibu watuletee maoni ofisini. Wanaokubali watuambie, na wanaopinga watuambie vilevile, watupe na sababu.

Umoja ni nguvu.